Ngoma ya Watoto

Wako watu wanaodhani kwamba ngoma ya wanafunzi ni mchezo wa kupunguza uchovu wa masomo tu, na kwamba mwalimu anayeisimamia hana kazi kubwa kuliko kuhesabu vichwa na kufunga ghala la vifaa jioni. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimekwisha kupata shahada ya uzamivu, nilikuwa nimefundisha Kiswahili chuoni kwa miaka zaidi ya kumi, na tasnifu yangu yenyewe ilihusu nyimbo za ngoma za mashindano katika miji ya pwani. Kama ungeniuliza ngoma ni nini, ningekujibu kwa saa nzima pasipo kupumzika. Walakini sikupata kumfundisha mtoto hata mmoja jinsi ya kuinua mguu wake na kuushusha. Insha hii ni habari ya msimu mmoja nilipofanya kazi hiyo, mwaka 2023, katika shule moja ya sekondari kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na ya kosa nililolifanya ndani ya msimu huo. Silisimulii kosa hilo kwa kupenda kujilaumu mbele ya watu. Nalisimulia kwa sababu lilinipa elimu ambayo vitabu vyangu havikunipa.

Mwito ulinijia mwezi wa Januari. Mkuu wa shule ile tulisoma pamoja ujanani, naye alikuja kunitembelea chuoni mjini Moshi. Baada ya salamu na chai alisema, "Ndugu yangu, wewe umesomea ngoma. Mimi nina watoto wasiojua kucheza hata ngoma ya kwao. Njoo unisaidie tuingie mashindanoni." Nilikubali kabla chai haijapoa. Sifa ni asali, na mimi nilikuwa na njaa ya sifa ijapokuwa nilijidai kuwa na shibe.

Msomaji asiyekuwa mwalimu labda ahitaji kujua kwamba michezo ya shule za sekondari nchini Tanzania, ile inayojulikana kwa jina la UMISSETA, haina mpira na riadha peke yake. Kwaya na ngoma nazo zina nafasi yake. Mashindano hupanda kwa ngazi, kama mtu apandavyo mlima: ngazi ya kata, kisha wilaya, kisha mkoa, na mwisho taifa. Kila ngazi ina hewa nyembamba kuliko ile ya chini yake, na wengi hurudi njiani. Msimu huo huenda sambamba na masika, ukaishia karibu na mwezi wa Juni. Kwa hiyo mwenye kufundisha ngoma mlimani hufundisha mvuani.

Nilikwenda huko kila Jumatano alasiri na kila Jumamosi asubuhi. Basi dogo lilinichukua kutoka stendi ya Moshi, likapita tambarare yenye mahindi na vumbi hata Himo, ambako joto hukaa kama mgeni asiyejua kuaga. Kutoka Himo njia hupinda kushoto na kuanza kupanda, na katika muda usiotosha kumaliza gazeti nchi hubadilika: migomba hukaribia barabara, kahawa hujificha chini yake, maji ya mifongo hupita yakinong'ona kandokando ya vihamba. Nilishuka Marangu Mtoni, nikaenda kwa miguu sehemu iliyobaki. Kibo sikukiona mara nyingi. Masika hukifunika, na mtu aweza kuishi wiki tatu chini ya mlima wa mita 5,895 asiuone.

Siku ya kwanza niliwakuta wanafunzi thelathini na zaidi. Niliwauliza wanataka kucheza ngoma gani. Wengi walitaja sindimba, kwa kuwa waliiona katika televisheni na katika simu za kaka zao. Sikuidharau sindimba, ngoma ya Wamakonde imekuwa mali ya Watanzania wote, na mcheza sindimba hodari hustahili heshima popote. Lakini nilikumbuka methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa, nikauliza tena: ni nani hapa ajuaye ngoma ya nyumbani kwao, ya mlima huu? Darasa lilinyamaza. Walitazamana, wengine wakacheka kama watu walioulizwa habari za siri. Ndipo msichana mmoja wa kidato cha pili, aliyekaa nyuma karibu na dirisha, akainuka na kusema, "Mwalimu, bibi yangu anaijua moja."

Kimya kile hakikunishangaza, kwa maana najua kilikotoka. Wamisionari Wakatoliki walipojenga Kilema, na wenzao Walutheri wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893, wengi wao waliitazama ngoma kwa shaka. Baadaye shule zilikuja, kahawa ikaja, na pamoja navyo heshima mpya ambayo haikuwa na nafasi ya njuga. Mwalimu Nyerere alilisema jambo hilo mbele ya taifa mwezi wa Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana: kwamba wasomi wetu walijua dansi za kigeni na kuona haya kwa ngoma za wazee wao. Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuona haya. Watoto wale hawakujua Kichagga. Walizungumza Kiswahili darasani, uwanjani na jikoni kwa mama zao. Mtu ambaye mshahara wake hutoka katika Kiswahili hawezi kusimama mbele ya watoto hao na kujifanya mgeni wa habari yao. Nilijifariji kwa kukumbuka kwamba Petro Itosi Marealle, Mangi wa Marangu, alipotaka kuhifadhi mila za watu wake katika kitabu *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* mwaka 1947, alikiandika kwa Kiswahili. Lugha hii imechukua mengi, na imetunza mengi pia. Hesabu yake bado haijafungwa.

Bibi alikuja Jumamosi iliyofuata, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Umri wake ulipita miaka themanini. Nilimwamkia kwa neno la Kichagga, "Shimbonyi, mae," naye akaniitikia kwa furaha na kuendelea kwa maneno ambayo sikuyafuata, kwani mimi ni mzaliwa wa upande wa Machame, na Kivunjo hunipita sikioni kama maji. Mjukuu akawa mkalimani wetu. Alipewa kiti cha mwalimu, akakikataa, akaomba kigoda. Akakaa chini ya mti, akawaambia watoto washikane mikono wafanye duara.

Ngoma aliyotufundisha haikuwa ile ya mikutano mikubwa ambayo wazee hutaja jina lake kwa fahari. Yeye mwenyewe alisema haina jina. Ni ngoma ya wanawake wa mtaa wao, nao waliicheza jioni baada ya kazi. Wimbo wake ulihusu majani ya ng'ombe. Kila amjuaye Mchagga wa zamani ajua kwamba ng'ombe wake hakutembea kutafuta malisho. Alifungwa ndani ya nyumba, na mwanamke alishuka tambarare kukata majani, akayapandisha mlimani kichwani. Nilitoa daftari langu, nikaandika: "Wimbo wa kazi. Majani." Bibi alitaja pia jambo la mguu, na mjukuu akalifasiri: "Anasema mguu unasubiri." Nikaliandika hilo nalo, nikapiga mstari chini yake, nikaendelea na maswali mengine. Ndivyo tufanyavyo sisi wataalamu mara nyingi: jambo likiwa ndani ya daftari twadhani limekwisha kuingia kichwani.

Mambo mawili yalinitatiza tangu siku ile. La kwanza, bibi hakuhesabu. Nilimwuliza mguu wa kulia huanza katika pigo la ngapi, akanitazama kwa huruma. Alisema mchezaji asikilize mguu wa jirani yake. La pili, duara lake halikuwa na mbele. Mwimbishaji alisimama ndani ya mviringo kama mtu yeyote, akashika mkono wa huyu na wa yule, na mtu aliyepita njiani hakuweza kujua nani kiongozi ila kwa kusikia. Mashindanoni, kinyume cha hayo, waamuzi huketi upande mmoja nyuma ya meza, na kikundi hupimwa kwa ulinganifu, mpangilio, mavazi na ujumbe. Mchezaji ampaye mwamuzi mgongo ameitupa nusu ya alama zake.

Tulianza mazoezi. Nilichagua wachezaji kumi na sita, wasichana kumi na wavulana sita. Shule ilikuwa na ngoma moja ya ngozi iliyopasuka ukingoni. Ya pili tuliitengeneza kwa pipa la maji. Njuga hatukuwa nazo, basi watoto wakakusanya vifuniko vya soda madukani, wakavipiga bapa kwa jiwe, wakavitoboa kwa msumari na kuvitunga katika kamba. Sauti yake haikuwa mbaya. Kwa mavazi nilipendekeza majani makavu ya mgomba yafungwe kiunoni, kwa kuwa niliyaona katika vikundi vingi vya wageni na watalii. Bibi alipoyaona alicheka hata machozi yakamtoka. Mjukuu wake alifasiri kwa aibu: "Anauliza kama hiki ni kibanda cha kuku." Mama yake, alieleza, alivaa ngozi, na yeye mwenyewe alivaa kaniki, majani ya mgomba yalikuwa ya kuezekea. Nilimshukuru, lakini majani sikuyaondoa. Mwamuzi hupenda kuona uasili, na uasili usioonekana kwa mbali hauna alama.

Mvua ziliponyesha sana tulirundika madawati ukutani tukafanya mazoezi darasani. Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu. Nafasi ilikuwa ndogo, watoto waligongana, na sauti ya "moja, mbili, tatu, nne" iliwaweka sawa mara moja. Niliona matunda yake nikafurahi. Wiki iliyofuata nililikata duara likawa nusu mwezi, na wiki ya pili yake nusu mwezi ikawa safu mbili zinazopishana. Kumi na tano kati yao walikanyaga kama mtu mmoja. Wa kumi na sita alikuwa yule msichana, mjukuu wa bibi. Yeye alichelewa. Mguu wake uliinuka pamoja na ya wenzake, kisha ukakaa hewani kidogo, kama mtu anayefikiri, ndipo ukashuka. Nilimrekebisha kwa upole, kisha kwa ukali. Alijitahidi, akafuata hesabu kwa dakika mbili tatu, halafu wimbo ukimkolea mguu wake ulirudi katika uvivu wake ule ule.

Bibi alikuja mara ya mwisho mwezi wa Aprili. Alizitazama safu zetu toka mwanzo hata mwisho. Nilitazamia sifa. Aliuliza neno moja tu, na safari hii alilisema kwa Kiswahili ili lisinipotee: "Sasa mnamchezea nani?"

Nilikuwa na jibu la kitaalamu. Ngoma ya mashindano si uzushi wa shule, wala si sumu iliyoletwa juzi. Lamu mitaa miwili, Mkomani na Langoni, ilishindana kwa ngoma na kwa mashairi kwa muda mrefu. Usukumani Wagika na Wagalu hushindana hata leo baada ya mavuno, na mashindano hayo yamewazaa mafundi ambao amani tupu isingewazaa. Na beni, ngoma niliyoitafiti mwenyewe, ilikuwa mashindano kutoka utosini hata unyayoni. Ilizaliwa katika miji ya mwambao wa Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikaiga bendi za Wazungu na gwaride la askari wao, ikajitungia majemadari na makapteni, ikagawanyika pande mbili za Marini na Arinoti, na wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikafuatana na askari na wapagazi hata bara. Terence Ranger ameieleza safari hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975. Watu wale waliuchukua mwendo wa askari wakaufanya wao, wakaufurahia, wakamcheka aliyewaletea. Kwa hiyo, nilijiambia, safu zangu na hesabu zangu zina ukoo. Hoja hii ilikuwa nzuri, na bado naiamini. Kasoro yake ilikuwa kwamba bibi hakuuliza habari za Lamu wala za beni. Aliuliza habari zetu, na hoja nzuri niliifanya pazia.

Katika ngazi ya kata tulishinda bila jasho, kwa kuwa vikundi vilikuwa vitatu tu. Katika wilaya vikundi vilikuwa vingi zaidi na ushindani ulikuwa mkali, lakini safu zetu ziliwapendeza waamuzi, nasi tukawa wa kwanza. Wazazi walituma ndizi na maziwa shuleni. Mkuu wa shule alinishika mkono mbele ya walimu wote akautikisa muda mrefu. Sitasema uongo: usiku ule nilirudi Moshi nikijiona mtu.

Ndipo ikaja habari ya safari ya mkoa. Fedha zilizochangwa zilitosha kukodi gari moja dogo, na gari hilo liliweza kuchukua wachezaji kumi na wawili pamoja na walimu wawili na ngoma. Wanne walipaswa kubaki. Watatu sikuwa na shida nao. Walijua wenyewe kwamba wenzao wamewapita. Kwa wa nne niliwaza siku mbili. Sauti ya msichana yule ilikuwa bora kuliko zote, lakini msichana wa kidato cha tatu alikwisha kuzikariri nyimbo, na mguu wake ulikwenda na hesabu. Nilipima kama apimavyo mwenye duka. Nikaandika majina kumi na mawili katika karatasi, nikaibandika ubaoni Jumatano jioni wakati wanafunzi wamekwisha kwenda nyumbani, nikashuka mlimani.

Nataka msomaji aone vizuri mahali lilipo kosa langu. Kumwacha mtoto nje ya kikundi si dhambi. Gari lilikuwa na viti vyake, na kila mwenye kufundisha timu huchagua. Lakini mtoto huyu ndiye aliyeinuka darasani wakati wenzake walipocheka. Ndiye aliyemleta bibi yake kwa mkono na kukifasiri kila alichosema. Ngoma yenyewe ilikuja shuleni kupitia kwake, nami nilimtoa ndani yake kwa karatasi, pasipo kumwambia neno, nikachagua saa ambayo macho yangu yasingekutana na macho yake. Ujasiri wa kumwambia ana kwa ana ungenigharimu dakika tano. Sikuwa nao.

Jumamosi alikuja mazoezini kama kawaida. "Shikamoo, mwalimu," alisema, akaketi pembeni na kuishika ngoma ya pipa ili isianguke wakati mpigaji anapoipiga. Mwimbishaji mpya alipokosea neno moja la Kivunjo, alimsahihisha kwa sauti ndogo, mara mbili, hata likanyooka. Hakununa wala hakulia. Laiti angelia. Bibi hakuja tena. Nilipouliza hali yake niliambiwa hajambo.

Siku ya mkoa watoto walicheza bila kosa. Nasema hivyo kwa haki yao: hakuna mguu uliopotea, hakuna mstari uliopinda, na vifuniko vya soda vililia kwa pamoja kama fedha inayomwagwa. Tulikuwa wa tatu. Baada ya matokeo, mmoja wa waamuzi, mzee mwenye mvi aliyezungumza kama mtu wa mlimani, alinijia nilipokuwa nikikusanya mavazi. Aliwasifu watoto. Kisha akasema, "Mwalimu, wimbo ni wa kubeba majani, nimeusikia. Lakini wanaobeba siwaoni. Naona askari." Akaniaga kwa adabu akaenda zake.

Neno lile lilikaa nami ndani ya gari. Tulipoiacha Himo jua lilikuwa linakwenda chini, na watoto, ambao huzuni yao haikudumu zaidi ya soda moja, walikuwa wanaimba. Kwenye mteremko mmoja uliolowa mvua tuliwapita wanawake watatu wakipanda na mizigo ya majani vichwani, shingo zao zimenyooka. Dereva alipunguza mwendo kwa sababu ya utelezi. Nikaitazama miguu yao. Kila mguu uliinuka, ukakaa hewani kidogo ukitafuta mahali pagumu katika tope, ndipo ukashuka na uzito wote ukaufuata. Mwenye mzigo mzito juu ya utelezi hawezi kukanyaga upesi; akikanyaga kabla hajaipima ardhi, ataanguka na mzigo wake.

Nilitoa daftari langu. Ukurasa wa mwezi wa Februari ulikuwa na maneno yale pale, yamepigiwa mstari: mguu unasubiri. Kuchelewa nilikokukemea kwa miezi mitatu ndiko kulikokuwa ngoma yenyewe. Miongoni mwa watoto kumi na sita mmoja tu aliicheza, naye ndiye niliyemwacha nyumbani. Wengine kumi na watano niliwafundisha kwa bidii kukosea kwa pamoja.

Mlimani kuna mmea uitwao isale. Hupandwa mipakani na makaburini, na mtu aliyekosa akitaka msamaha huchukua jani lake akampelekea aliyemkosea. Mwenye kuletewa jani hilo huona vigumu sana kulikataa. Jumamosi iliyofuata nilikata jani la isale, nikanunua sukari na majani ya chai, nikaenda nyumbani kwa bibi. Nilimweleza yote kwa Kiswahili, polepole. Alisikiliza hata mwisho. Sukari aliipokea. Jani alilishika, akaligeuza mkononi, kisha akanirudishia. Alisema, "Aika, mwanangu. Lakini aliyekosewa si mimi. Yuko zizini anampa ng'ombe majani. Mpelekee."

Katika malezi yetu mkubwa hamwombi mtoto msamaha kwa urahisi, na mwalimu zaidi. Hatua za kutoka mlangoni kwa bibi hata zizini hazikuzidi ishirini, nami nakumbuka kila moja. Msichana aliponiona na jani mkononi alifahamu, akashtuka, akafuta mikono yake katika kanga. Nilisema, "Mwanangu, nilikutoa katika ngoma yako, na sikukuambia. Mguu wako ulikuwa sahihi, wangu ndio uliokosea. Nakuomba unisamehe." Alilipokea jani kwa mikono miwili, kama impasavyo mtoto. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Nimesikia, mwalimu." Na baada ya kitambo kingine akauliza, "Jumatano kuna mazoezi?"

Mashindano yalikuwa yamekwisha. Hapakuwa na sababu ya mazoezi. Nilimjibu kwamba yapo.

Jumatano ile walikuja wote kumi na sita. Nilisimama mbele yao nikawaambia kwamba kosa la mkoa lilikuwa langu, nikawaomba washikane mikono wafanye duara, na msichana yule akawafundisha mguu. Iliwachukua alasiri nzima kuusahau mguu wangu. Mimi nilijaribu pia, nikaanguka, wakacheka, na kicheko kile kilinifaa.

Mwaka 2024 tuliingia mashindanoni tena kwa duara, pasipo safu, na kaniki mahali pa majani ya mgomba. Tulitolewa katika wilaya. Waamuzi waliandika kwamba wachezaji hawaonekani vizuri kwa kuwa wengine wanawapa watazamaji migongo, na kwamba mwendo wao umechelewa. Maneno hayo yalikuwa ya kweli kwa kadiri ya kipimo chao, na sikuwalaumu. Kipimo kile mimi mwenyewe nilikitumia. Watoto walihuzunika, na sina haki ya kudai kwamba somo langu lilikuwa na thamani kuliko kikombe walichokikosa. Wao walikuwa na miaka kumi na sita, kumi na saba, na kushinda ni tamu. Bado najiuliza kama iko njia ya kuicheza ngoma ile mbele ya meza ya waamuzi isigeuke gwaride, wala isishindwe kwa sababu ya uaminifu wake. Yamkini iko, na yamkini ataipata mmoja wa watoto wale, si mimi.

Wahenga walisema ngoma ya watoto haikeshi. Hunena hivyo kuonyesha kwamba jambo lisilo na wakubwa ndani yake halidumu. Zamani niliifasiri methali hiyo darasani bila shaka yoyote. Siku hizi nawaambia wanafunzi wangu wa chuo kwamba haikeshi pengine kwa sababu mkubwa alifika saa mbili za usiku, akawapanga watoto safu, akaanza kuhesabu. Kisha nawasimulia habari hii, nao huniuliza kama nimeiandika. Sasa nimeiandika.